Mwenye Kuuliza Anashika Kamba

Zacharie Lusenge alitoka Musienene na mbuzi kumi na wawili, koti moja la heshima, na muda wa mpaka Jumamosi saa sita mchana. Mbuzi walikuwa wa mahari. Mwanawe Faraja alimtaka Séphora, binti wa mzee Kasonia wa Beni, na Kasonia alikuwa amesema bila kuzunguka: mbuzi wafike kwake kabla ya saa sita ya Jumamosi, au binti aende kwa mtu wa Oicha mwenye shamba la kakao. Mbuzi wa huyo wa Oicha walikuwa wameshafungwa kwa jirani wa Kasonia, wakilia mchana kutwa ili wasikike.

Wajomba walitangulia kwa pikipiki, pamoja na Faraja mwenyewe. Zacharie alikataa kupakia mbuzi kwenye gari. Alishikilia kwamba mbuzi akipanda gari anashuka amekonda kwa hofu, na mkwe akimwona hivyo atadhani amedharauliwa. Basi akawaswaga kwa miguu, akalala kwa dada yake Butembo, na Alhamisi asubuhi akashika barabara ya Beni huku akiwaimbia mbuzi ili wasichoke. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haangalii sana mbele.

Saa nne akakuta foleni. Malori, pikipiki, akina mama na vikapu vyao mgongoni, wote wamesimama kimya kwenye mteremko. Mbele kabisa kulikuwa na kamba ya nailoni ya bluu, ile ya kufungia magunia. Upande mmoja imefungwa kwenye mkaratusi, upande wa pili imeshikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwani kofia ya kijani iliyomzidi. Kando ya barabara, kushoto, kulikuwa na lundo la mawe. Kulia kulikuwa na lundo lingine. Kila aliyefika kwenye kamba, awe anatoka Butembo au Beni, alibeba jiwe kutoka kushoto, akalitua kulia, kisha kamba ikashushwa akapita. Lundo la kushoto likiisha, watu walianza kurudisha mawe ya kulia.

Kazi hiyo iliitwa salongo. Kila mtu wa huku anaijua salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ambayo hakuna ruhusa kuikosa: kufagia njia, kuzibua mifereji, kufyeka majani. Salongo ina faida yake na siwezi kuisema vibaya. Hii ya kwenye kamba ilikuwa ya kila siku na haikusafisha hata unyayo wa mtu.

Zamu yake ilipofika, mtu wa kiti alimtazama yeye, akawatazama mbuzi.

"Papa, wavukire," akamwamkia kwa Kinande. "Mbuzi ni ngapi?"

"Kumi na mbili, chef."

"Na wewe mwenyewe, inakuwa kumi na tatu. Donc majiwe kumi na tatu. Mbuzi hazina mikono, utazisaidia."

Zacharie aliona kwamba hesabu haikuwa na kosa. Akaanza kubeba. La kwanza, la pili, la tatu. Mtu wa miaka hamsini na sita hawezi kubeba mawe kumi na matatu bila kufikiri kitu, hata akijizuia. Alipofika la tisa kiuno kilikuwa kinawaka moto, na swali likamponyoka.

"Mais chef, hizi majiwe zinaenda wapi?"

Foleni nzima ilirudi nyuma hatua moja. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alifunika mdomo kwa kitenge. Mtu wa kiti alisimama taratibu, machozi yakamtoka, akamkumbatia Zacharie pamoja na jiwe lake.

"Wasingya, asante, papa! Mungu akubariki! Siku nne niko hapa nangojea mutu aulize!"

Akavua ile kofia, akamvisha Zacharie. Akamwekea kamba mkononi na kumfunga vidole kimoja kimoja. Akajitambulisha: yeye ni mwalimu Paluku, wa darasa la tano, alikuwa anapeleka karatasi za mitihani Beni na watoto bila shaka wamesharudia mwaka. Kamba hii iliwekwa na kijana mmoja aitwaye Kadogo na wenzake wenye bunduki, ambao walijiita Comité. Juma lililopita abiria mmoja aliwauliza kitu. Kadogo akacheka, akampa kamba, akasema: mwenye kuuliza anashika, na atashika mpaka mwingine aulize. Kisha yeye na Comité yake wakapanda gari wakaenda.

"Walienda wapi?" Zacharie akauliza.

"Papa, usianze tena."

"Na watarudi?"

"Walisema watarudi."

"Na nikiachilia tu kamba, nikiendelea na mbuzi zangu?"

Mwalimu Paluku alifikiri, maana alikuwa mtu wa haki. "Kwa kweli sijui. Mimi ni wa tano kushika, na hakuna mwenye alijaribu." Akachukua karatasi zake za mitihani, akapita chini ya kamba, akakimbia kwenye mteremko kwa mwendo ambao hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuuona.

Sasa wewe unayesoma umekaa pazuri, na unasema: mjinga huyu, si aiachie tu? Hata Zacharie alijiambia hivyo. Alikaa kwenye kiti akijipangia. Siku ya Alhamisi alijizuia kwa woga, maana Kadogo angeweza kutokea wakati wowote, na mtu wa bunduki akikuta kamba chini hataki maelezo. Hiyo ilikuwa sababu nzuri. Lakini sababu nyingine ilikuwa inaota taratibu, nayo hakuipenda: wale wanne wa kwanza na mwalimu Paluku walikuwa wameishika vizuri, tena mwalimu kwa siku nne, na yeye awe nani wa kuiangusha siku ya kwanza?

Akaona dawa ni moja. Atafutwe mtu wa kuuliza, haraka, kabla ya Jumamosi. Isingekuwa vigumu. Watu wa Butembo na Beni wanauliza mno. Mnunulie mtu wa Butembo soda, atakuuliza kiwanda kiko wapi.

Lakini hakuna aliyeuliza. Watu wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa wameona yaliyompata, na habari ilikuwa imerudi nyuma mpaka kwenye lori la mwisho. Walibeba mawe yao, wakasema "merci chef", wakapita. Jioni ikaingia, foleni ikaisha. Zacharie akalala kwenye kibanda cha majani kando ya kamba, pamoja na mbuzi wake, kamba imefungwa kwenye kifundo cha mkono.

Ijumaa asubuhi akabadilisha mkakati. Akasimama juu ya kiti, akatangaza kwamba kuanzia sasa ni mawe mawili. Akangoja kwa hamu. Mtu wa kwanza alikuwa mwendesha pikipiki wa abiria, Kakule, kijana mwenye maneno mengi na miwani ya jua iliyopasuka.

"Mawili, chef? Hakuna shida," Kakule alisema, akabeba mawili.

"Haikukasirishe?"

"Ile barrière ingine ya kule mbele wanakuvua viatu. Hapa ni kwa baba."

Zacharie alikata tamaa kidogo, lakini akampa ujumbe: akifika Beni aende kwa mzee Kasonia, karibu na soko, amwambie Zacharie amekwama kwenye kamba, amvumilie. Kakule akaapa ataufikisha neno kwa neno, akaondoka.

Saa tatu Zacharie akaongeza: mawe mawili, na mtu abebe akiruka kwa mguu mmoja. Alijisikia vibaya alipotangaza. Alimwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, maana alikuwa mtu wa misa ya kila Jumapili. Hili, alifikiri, hakuna binadamu atakayelikubali.

Waliruka. Waliruka na vikapu, waliruka na watoto mgongoni. Mfanyabiashara mmoja wa kakao kutoka Beni, al-haji mwenye kanzu iliyopigwa pasi na tumbo la kutosha, aliruka mpaka kofia yake ikadondoka. Zacharie akamwinamia, karibu anamsihi.

"Papa al-haji, wewe mutu mukubwa. Kwa kweli hauna kitu ya kuuliza?"

Al-haji alipangusa jasho. "Chef, gari yangu iko na gunia makumi sita. Nikiuliza, gunia zinalala hapa na miye nalala na kamba. Nikiruka, saa tisa niko Butembo. Kuruka ni kwepesi." Akaokota kofia yake, akaenda.

Kulikuwa na mama mmoja, Jokébed, aliyepika chai na maandazi kando ya foleni. Zacharie alimwita pembeni. Mama huyo anakaa hapa kila siku, anaona kila kitu. Si angeuliza hata swali dogo, swali la chai tu? Mama Jokébed alimtazama kama mtu anayetaka kumwibia sufuria.

"Kamba ikitoka, gari zitasimama hapa juu ya nini, sababu gani? Nani atakunywa chai yangu? Mwaka huu batoto bangu bote bako kwa masomo, papa. Acha kamba yetu."

"Kamba yetu?" Zacharie alisema.

"Ee, yetu."

Mchana ukafika na mtu aliyempa matumaini makubwa kuliko wote: msichana Falonne, mwanafunzi wa sheria Butembo, na kitabu kinene kwapani. Zacharie aliketi sawasawa. Mtu wa sheria hawezi kuruka na mawe bila kudai kifungu. Falonne alisimama muda mrefu akiangalia watu wanavyoruka, uso umekunjamana, na Zacharie akasogeza kiti karibu.

"Chef," akasema mwishowe, "hii haiko sawa."

"Sema, binti yangu! Sema yote!"

"Benye wanaruka na mguu wa kuume wanagongana na benye wanaruka na wa kushoto. Inafaa foleni mbili. Na tungeandika pancarte, batu bajue mapema."

Akachana ubao wa sanduku la nyanya, akaandika kwa herufi safi: MGUU WA KUUME HAPA, MGUU WA KUSHOTO HAPA. Akapanga watu, akapiga kelele kwa wazembe, na kwa nusu saa foleni ilikwenda vizuri ajabu. Watu walimshukuru. Walisema hivi ndivyo nchi inavyotakiwa kuendeshwa. Naye Falonne akaruka, kwa mguu wa kuume, kwenye foleni ya kuume, akaenda zake kwenye mitihani.

Jioni ile Zacharie alikaa akaona jambo lililomtisha kuliko bunduki ya Kadogo. Akina mama walimletea viazi vya moto. Dereva mmoja alimpa betri ya redio. Mzee wa makamo yake alimwinamia na kumwita mokonzi, mkubwa wa watu. Maisha yake yote, tangu shamba la maharage la baba yake, hakuna mtu aliyewahi kumngoja aseme kitu. Na alipowaona wanaruka alikasirika nao. Alikasirika kweli, kwa nini hawakatai, wanamweka yeye katika dhambi. Ilikuwa rahisi zaidi kuwakasirikia wao kuliko kuangalia mkono wake mwenyewe.

Jumamosi, saa tatu na nusu, teksi moja ya njano ikatokea upande wa Beni ikasimama nyuma ya foleni. Alishuka mzee Kasonia akiwa na suti yake ya harusi, Faraja nyuma yake, na mwishoni Séphora, amevaa kitenge kipya cha kijani, begi dogo begani. Zacharie alitaka kujificha nyuma ya mbuzi. Mkwe amekuja mwenyewe kumwambia kwamba mambo yamekwisha.

Kumbe Kakule alikuwa ameufikisha ujumbe, lakini kwa jinsi alivyouelewa. Alikuwa amemwambia Kasonia mbele ya majirani wote kwamba papa Zacharie wa Musienene sasa ndiye mkubwa wa kamba, na barabara nzima inabeba mawe kwa neno lake. Kasonia alikuja ameinamisha kichwa, mikono miwili mbele.

"Chef. Mukwe wangu. Ungetuambia mapema!"

"Mzee, nimechelewa, unisamehe, mbuzi zote ziko hapa..."

"Mbuzi? Mbuzi zitafika tu. Ule mutu wa Oicha nimemufukuza jana magharibi. Mwenye kakao ana nini? Kakao inaoza. Wewe uko na kamba!"

Zacharie alikaribia kumkumbatia kwa furaha. Mwanawe ataoa. Safari haikupotea. Akamwambia Kasonia kwa sauti ya chini kwamba mambo ya kamba yataisha leo, ataachana nayo, waende wote Beni. Kasonia alimshika mkono kwa hofu.

"Kuachana? Tafazali! Nani anaacha kazi siku ya ndoa ya mutoto wake?"

Na ili watu wote waone heshima yake, mzee Kasonia akainama, akachukua mawe mawili makubwa, akaruka kwa mguu mmoja, na suti yake mwilini, mpaka lundo la pili. Foleni ilimpigia makofi. Kisha akamwashiria Faraja.

Faraja alimtazama baba yake. Zacharie alijua kwamba angeweza kusema: wewe pita, wewe ni mwanangu. Maneno yalikuwa kwenye ulimi. Lakini watu zaidi ya mia walikuwa wanatazama kama chef atapendelea, na mama Jokébed alikuwa ameacha kukoroga chai ili aone vizuri. Akaikaza kamba. Faraja akabeba mawe mawili, akakunja mguu wa kushoto, akaanza kuruka mbele ya mchumba wake.

"Na wewe, binti," Zacharie akamwambia Séphora kwa upole, "kwa wewe ni kajiwe kadogo tu."

Séphora hakuwa akimtazama. Alikuwa anamtazama Faraja, ambaye alikuwa amefika katikati ya barabara, jasho likimchuruzika.

"Juu ya nini?" akauliza.

Foleni ikarudi nyuma hatua moja, kama Alhamisi. Zacharie alisubiri furaha imjie. Siku tatu alikuwa anaomba swali hili, na sasa limekuja kutoka kinywa kimoja tu ambacho hakukitaka. Lakini sheria ilikuwa sheria, na foleni ilikuwa inamwangalia. Alivua kofia na kunyoosha mkono wenye kamba.

"Mwenye kuuliza anashika," alisema.

Séphora aliikataa kofia. Kamba aliipokea, akaipima mkononi kama mtu anayepima nyama kwa mkono sokoni, kisha akafungua vidole. Kamba ikaanguka kwenye tope.

"Imekwisha," akasema. "Mupite."

Hakuna kilichotokea. Kadogo hakutokea, bunduki haikulia, mbingu zilikaa mahali pake. Barabara ilikuwa wazi kutoka hapo mpaka Beni, na upande wa pili mpaka Butembo, na hakuna hata mtu mmoja aliyepita. Dereva wa lori la kwanza alizima injini. Watu waliangalia kamba chini, wakaangaliana. Halafu bibi kizee mmoja, ambaye alikuwa amemaliza kuruka zamani na alibaki tu kupumzika, akapaza sauti:

"Hapana! Miye nimeruka na hii goti yangu yenye kuvimba, na bale ba nyuma bapite bure?"

"Bure?" foleni ikaitikia. "Sisi wote tuliruka!" "Chef, kamba imeanguka!" "Chef, okota!"

Zacharie alikuwa huru. Alilijua hilo, mwili mzima ulilijua. Hakuwa tena chef wa kitu chochote. Alikuwa mtu mwenye mbuzi kumi na wawili na njia wazi mbele yake. Aliwaza siku zake tatu kwenye kiti, al-haji na kofia yake, watoto waliorukishwa migongoni, na akaona kwamba kama kamba ilikuwa inaweza kuangushwa hivi, na msichana, kwa vidole vitano, basi yote yale aliyafanya yeye. Wazo hilo hakuweza kulibeba. Akainama. Akaokota kamba, akaipangusa tope kwa koti lake la heshima, akaivuta mpaka ikanyooka.

"Iliteleza tu," aliwaambia watu. Watu wakapumua.

Séphora alimtazama bila hasira, na hilo lilimuumiza Zacharie zaidi. Akamgeukia baba yake.

"Baba, mbuzi za huyu papa zirudi Musienene. Siingie mu ile nyumba."

"Wewe! Séphora! Unajua huyu ni nani?" Kasonia alifoka, suti imejaa vumbi. "Séphora!"

Lakini Séphora alikuwa ameshainua kamba kwa mkono mmoja, akapita chini yake, na kuelekea upande wa Butembo kwa miguu, bila jiwe, begi likimpiga kiunoni. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemfuata pia. Zacharie alitaka kumkimbilia, kumwambia kwamba yeye si mtu wa namna hiyo, aulize watu wa Musienene. Ila kamba ilikuwa mkononi, na lori la kwanza lilikuwa limewasha injini tena likingoja neno lake.

Katikati ya barabara Faraja alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja, mawe mawili kifuani, anatetemeka mwili mzima. Macho yake yalikuwa kwenye kitenge cha kijani kilichokuwa kinazidi kuwa kidogo kwenye kona.

"Papa," alisema, "naweza kushusha mguu?"

Zacharie alifungua kinywa kusema ndiyo. Akaitazama foleni kwanza.

"Maliza," akamwambia mwanawe. "Batu banangojea."